Nina duka la spea Grogan: nianze kusoma uchumi na kitabu gani?

Swali: Mwalimu, habari yako. Nina duka dogo la spea hapa Grogan na ninaishi Umoja. Diploma yangu ni ya umeme; darasa la uchumi sijawahi kukaa. Nikisikia kwenye habari kwamba Benki Kuu imeshusha riba au shilingi imepata nguvu, natikisa kichwa kama niliyeelewa, kumbe wapi. Wateja nao hawanipi pumzi: dola imeshuka, mbona shokabsoba zako hazishuki bei? Nataka vitabu ambavyo mtu wa kawaida anaweza kusoma usiku baada ya kufunga duka akaelewa. Nina kama shilingi elfu tatu. Mpwa wangu anayesomea uchumi chuoni anasema nichukue kitabu chake cha darasani, ambacho ni kizito kama betri ya lori. Nifuate ushauri wake?

Jibu: Dada yangu, kitabu cha mpwa wako kiweke kando kwanza; nitakirudia mwishoni. Nataka tuanze na swali la wateja wako, maana lina thamani kuliko orodha yoyote ya vitabu nitakayokupa. Anayeingia kwenye uchumi bila swali husoma vitabu vitatu, hufurahia visa vilivyomo, na baada ya miezi michache hakumbuki lolote ila kwamba waandishi ni werevu sana. Wewe swali unalo, tena linagusa pesa zako. Kila kitabu utakachofungua, kibane na swali hilo hilo: bei ya shokabsoba inatoka wapi?

Tulifungue kidogo hapa hapa. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kulikuwa na deni la Eurobond, yaani mkopo wa dola ambao serikali iliuchukua kwa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni mwaka huo, na wengi walihofia kwamba serikali ingeshindwa. Mwenye dola akazikalia, mwenye kuzihitaji akazitafuta kwa bei yoyote. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwenye soko la kimataifa ili kulipa sehemu kubwa ya deni lile kabla ya wakati, na Benki Kuu ikapandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13. Hofu ikatulia, dola ikateremka hadi karibu 130. Mteja wako anapiga hesabu ya haraka: shokabsoba ya 8,000 sasa iwe 6,500. Hesabu yake haina kosa, ila anadhani ile 8,000 yote ni dola.

Wewe unajua si hivyo. Bei ya kiwandani na nauli ya meli ni dola, sawa. Ushuru wa forodha hukokotolewa kutoka thamani hiyo baada ya kugeuzwa shilingi, kwa hiyo nao hushuka. Lakini mshahara wa kijana wa kaunta, leseni ya kanjo na kodi ya duka havijui dola ni nini, na lori la kutoka Mombasa huisikia kwenye dizeli tu. Tena zile zilizo kwenye rafu ulizinunua dola ikiwa 158.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hukataa kulimeza: bei uliyonunulia haikupi haki ya bei ya kuuzia. Siku majirani watatu wakiingiza mzigo mpya wa dola 130 na kuuza 7,000, nawe utauza 7,000 hata kama roho inauma. Kwa hiyo mjibu mteja hivi: bei itashuka, lakini kasi yake itategemea ni wangapi wenye mzigo mpya kwenye barabara yenu, na kama wanaamini kwamba 130 itadumu. Mwagizaji anayeogopa dola kurudi 160 hana haraka ya kupunguza leo.

Na hii habari ya Benki Kuu kushusha riba inakwenda kwa njia hiyo hiyo. Kamati yake ya sera ya fedha hukutana takriban kila miezi miwili kuamua kiwango cha msingi, ikilenga mfumuko wa bei uwe asilimia 5, ukizidi au kupungua kwa 2.5. Kiwango kikishuka, benki hupata pesa kwa bei nafuu na mkopo wako unatakiwa ufuate. Kilianza kushushwa Agosti 2024, na nina hakika ulingoja sana kabla ya kuona tofauti kwenye mkopo wako. Benki nayo ina mzigo wa zamani kwenye rafu: amana za watu ilizoahidi kuzilipia riba kubwa mwaka uliotangulia. Uliza pia ni benki ngapi zinazokuhangaikia kama mteja. Ikiwa ni moja tu, hiyo moja haina sababu ya kukimbilia kupunguza.

Sasa vitabu. Vyote nitakavyovitaja viko kwa Kiingereza, cha kawaida, bila hesabu za kutisha.

Cha kwanza ni The Undercover Economist cha Tim Harford, kilichotoka 2005. Harford ni Mwingereza anayeandikia gazeti la Financial Times, na anaanza na kikombe cha kahawa kwenye stesheni ya treni London. Anauliza pesa unayolipia kahawa ile huishia mfukoni mwa nani. Mkulima wa kahawa hapati kitu. Kijana anayemimina hapati kitu. Hata mwenye kibanda habaki na nyingi kama unavyodhani. Ili kupata jibu anamfufua David Ricardo, mchumi Mwingereza wa kale aliyeandika mwaka 1817 kuhusu mashamba, kuonyesha kwamba faida humfuata mwenye kitu adimu. Pale stesheni kilicho adimu ni ile nafasi ambayo abiria wenye haraka hawana budi kuipita, na nafasi ina mwenyewe.

Isome sura hiyo ukiikumbuka gudiwili uliyolipa kabla ya kukabidhiwa funguo za duka. Hapo juu nimeitaja kodi ya duka kana kwamba ndiyo inayopandisha bei, na ndivyo tunavyosema sote: spea za Grogan ni ghali kwa sababu kodi ya Grogan ni ghali. Ricardo angetugeuzia maneno. Kwake yeye, nafaka haiwi ghali kwa sababu shamba linalipiwa kodi. Shamba hulipiwa kodi kubwa kwa sababu nafaka ni ghali. Kwa lugha ya barabara yenu, mwenye jengo anaweza kudai gudiwili ile kwa sababu watu wa Nairobi nzima wakiharibikiwa na gari hukimbilia hapo. Akiona biashara imenoga, mkataba ukiisha anapandisha. Ile faida mnayoipata kwa kuwa mahali pazuri humwendea yeye, polepole, bila yeye kuuza hata boliti moja. Dola ikishuka na wateja wakaongezeka, jiulize ni nani atakuwa amenufaika baada ya miaka miwili. Hilo ni jambo la kuliwaza kabla hujasaini mkataba mwingine, na limetoka kwenye sura moja tu.

Sehemu ya supamaketi, inayoonyesha jinsi muuzaji anavyowatoza wateja tofauti bei tofauti, utaipenda pia, kwa kuwa utajiona humo: orijino, ex-Japan na kopi kwenye kaunta moja, na bei ya kwanza anayotajiwa mwenye Prado ikiwa si ile ya mwenye Probox. Kuna na sura kuhusu Kameruni, inayouliza kwa nini nchi maskini hubaki maskini. Soma ukiwa na penseli, maana kuna mahali utasema ndiyo na mahali utasema huyu mgeni ameona nusu.

Udhaifu wa Harford ni kwamba ana imani kubwa na soko, na kuhusu riba, ajira na mfumuko wa bei hasemi mengi humo. Aliyatolea kitabu kingine mwaka 2013, The Undercover Economist Strikes Back. Hicho ndicho kitakachokufafanulia kazi ya Benki Kuu kwa undani kuliko aya yangu moja.

Baada ya Harford usinunue kitabu kinachokubaliana naye. Watu wengi hukosea hapo: wanampenda mwandishi mmoja, wanatafuta wa pili anayesema yale yale kwa mifano mipya, na baada ya vitabu vinne wanajiona wataalamu kumbe wamesoma kitabu kimoja mara nne. Mtafute anayembishia. Mimi hupendekeza Economics: The User's Guide cha Ha-Joon Chang, cha mwaka 2014. Chang ni mzaliwa wa Korea Kusini aliyefundisha Cambridge kwa miaka mingi, na kitabu chake kinapanga madhehebu tisa ya uchumi, kila moja na nguvu zake na upofu wake. Yanayomhusu zaidi ni viwanda, kazi, nguvu ya serikali na ya makampuni. Harford anapouliza bei inatoka wapi, Chang anauliza ni nani aliyeandika kanuni za soko hilo. Kwa mtu anayeagiza spea kutoka nje huku serikali ikisema inataka magari yaunganishwe humu nchini, swali hilo si la wasomi peke yao.

Ukishawasoma wote wawili, wapeleke kwenye kesi moja ya hapa nyumbani: sheria ya kudhibiti riba. Utaikumbuka. Septemba 2016 benki zilikatazwa kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Watu tulishangilia. Mwanafunzi wa Harford angenung'unika mapema kwamba ukiifunga bei chini ya pale muuzaji anapokubali kuuza, bidhaa hupotea dukani. Na kwa kiasi kikubwa ikawa hivyo. Meneja wa benki alimtazama mwenye kioski, akaona hatari asiyoruhusiwa kuilipisha, akaona ni heri aikopeshe serikali, ambayo huko nyuma haikuwahi kumsumbua. Mwenye kioski akageukia mkopo wa simu. Mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5, ukiuchukua mwezi baada ya mwezi, ni asilimia 90 kwa mwaka. Sheria iliyotungwa imkinge na riba ya asilimia 18 ikamsukuma huko. Novemba 2019 ikaondolewa.

Ukiishia hapo utakuwa umemsoma Harford vizuri na kuisoma Kenya nusu. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 benki tatu zilianguka hapa nchini, wenye akaunti wakakimbilia benki kubwa, na mikopo ilikuwa imeanza kupungua kasi kabla ya ile sheria kusainiwa. Serikali nayo ilikuwa na njaa ya kukopa, sheria iwepo isiwepo. Hapo ndipo mwanafunzi wa Chang anaposimama na kuuliza: kwa nini pengo kati ya riba anayolipwa mwekaji na riba anayotozwa mkopaji lilikuwa pana hivyo kwa miaka mingi, wakati benki zinadai zinashindana? Je, tatizo lilikuwa bei, au uchache wa wauzaji wenye nguvu? Na sheria ilipoondolewa, ukitaka kupima kama mikopo ya wadogo ilirudi, miezi minne baadaye ikaja korona ikavuruga kipimo chote. Mimi naona sheria ile iliumiza wakopaji wadogo. Lakini mtu akikuambia kwamba madhara yote ya miaka ile ni yake, muulize kuhusu zile benki tatu.

Kitabu cha tatu ni Poor Economics cha Abhijit Banerjee na Esther Duflo, cha 2011. Mwaka 2019 hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Michael Kremer, na sehemu ya utafiti uliompa Kremer jina ilifanyika Busia yetu hii, kwenye shule za msingi na dawa za minyoo, na kwenye mashamba ya mahindi. Njia yao ni ya subira: chukua swali dogo, wape watu wa kundi moja kitu fulani, kundi jingine wasipewe, linganisha. Mkulima wa Busia anajua kwamba mbolea inalipa. Ukimuuliza, anasema msimu ujao atanunua. Msimu ukifika, pesa za mavuno zimekwisha kwa karo na mazishi. Watafiti wakamwendea mara tu baada ya kuvuna, pesa zikiwa bado mfukoni, wakamuuzia mbolea kwa bei ya kawaida na ahadi ya kumletea hadi nyumbani wakati wa kupanda. Walionunua wakaongezeka, bila punguzo la bei.

Utafiti mwingine wa mkoa huo, wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, ulifanyika pale Bumala. Wachuuzi wa sokoni na waendesha boda boda za baiskeli walifunguliwa akaunti za akiba ambazo hazikulipa riba, na kutoa pesa kulikuwa na ada. Kwa hesabu ya darasani hakuna sababu ya kuitaka akaunti ya namna hiyo. Lakini wanawake wa sokoni waliozipata waliongeza mtaji waliokuwa wakiutia kwenye biashara. Kwa wanaume wa boda boda hapakuonekana tofauti ya maana. Mwanachama yeyote wa chama ataelewa bila kufafanuliwa: pesa iliyo mbali na mkono haiombwi na shemeji.

Kitabu hiki hakitakusaidia na dola wala Eurobond, na wapo wachumi wanaolalamika kwamba maswali madogo madogo hayajengi nchi. Wana hoja. Lakini kinakufunza tabia ya kudai ushahidi. Chukua ule usemi kwamba watu wakigawiwa pesa bei zitaruka tu. Kule Siaya watafiti akiwemo Edward Miguel walifuatilia zaidi ya kaya 10,000 zilizopewa karibu dola 1,000 kila moja, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola 2.5 za shughuli katika eneo lile, hata maduka ya wasiopewa yakauza zaidi, huku bei zikisogea kidogo mno. Haina maana kwamba ukichapisha noti Nairobi nzima mambo yatakuwa hayo hayo. Siaya zile pesa zilitoka nje na zikakuta wenye maduka na mafundi wenye nafasi ya kufanya kazi zaidi.

Vitabu vingine utakavyosukumiwa nivipitie mbio. Freakonomics ni burudani nzuri, kisome kwenye matatu, lakini hakitakueleza riba wala deni. Thinking, Fast and Slow cha Daniel Kahneman ni kikubwa na kina mengi ya maana, ila sura inayodai kwamba ishara ndogo ndogo hubadilisha mwenendo wa mtu bila yeye kujua ilijengwa juu ya majaribio dhaifu, na Kahneman mwenyewe alikiri hivyo 2017. Why Nations Fail cha Acemoglu na Robinson, ambao pamoja na Simon Johnson walipata Nobel 2024, kina hoja kubwa kuhusu taasisi, lakini wanaisema katika sura chache za mwanzo kisha wanaizungusha dunia nzima. Ukichoka katikati usijilaumu. Kama unapenda maisha ya watu kuliko nadharia, The Worldly Philosophers cha Robert Heilbroner cha 1953 kinawasimulia wachumi wa zamani, Smith, Marx, Keynes na wenzao, kwa raha. Na siku utakapomsikia tena mwanasiasa akisema kwamba tulikuwa sawa na Korea Kusini wakati wa uhuru, chukua How Asia Works cha Joe Studwell. Utaona kilichofanyika huko: ardhi iligawiwa wakulima wadogo, kisha viwanda vikapewa mikopo nafuu kwa sharti la kuuza nje, na aliyeshindwa akanyimwa. Sharti ndilo wanasiasa wetu hulisahau wakisimulia.

Kuna maandishi ya Kenya ambayo nayaweka juu ya nusu ya hivyo vya ng'ambo, na hayatakugharimu kitu. Ni Waraka Nambari 10 wa 1965, uliotoka wakati Tom Mboya akiwa waziri wa mipango, unaoeleza ujamaa wa Kiafrika tuliokusudia kuufuata. Ni mfupi na lugha yake ni nyepesi. Nenda aya ya 133. Inasema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapoongeza mapato ya taifa kwa wingi zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kisha faida ya huko isaidie kwingine. Ukiisoma kama mfanyabiashara utaona ina mantiki. Hata wewe huweki mzigo kwenye duka lisilo na wateja. Ukiisoma kama mtu wa Marsabit au Mandera utaona miongo ya barabara ambazo hazikujengwa. Mfuko wa Usawazishaji uliomo kwenye Katiba ya 2010 kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma, wa nusu asilimia ya mapato ya serikali kila mwaka, ni jibu lililochelewa kwa aya hiyo. Mwaka ule ule wa 1965 Barack Obama mkubwa, baba yake yule rais wa Marekani, aliukosoa waraka ule katika jarida la East Africa Journal, akihoji habari ya hati za ardhi za mtu mmoja mmoja na nguvu za uchumi kurundikana mikononi mwa wachache. Soma vyote viwili jioni moja. Sijui somo bora la uchumi wa Kenya kuliko hilo.

Halafu takwimu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa ripoti ya bei za bidhaa kila mwisho wa mwezi na ripoti kubwa ya uchumi kila mwaka, zote bure kwenye tovuti yao. Usizisome zote, utalala. Tazama mfumuko wa bei. Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 ukawa 2.7, na watu wakakasirika kwenye redio: mfumuko umeshukaje na unga haujarudi bei ya zamani? Kwa sababu kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Kitu kilichotoka 100 kikafika 110, mwaka uliofuata kikafika 117, kisha 120, kimeendelea kupanda ingawa mfumuko umeshuka. Ukilishika hilo moja utakuwa umewapita watangazaji kadhaa. Na usiziamini tarakimu kwa sababu tu zina nukta. Septemba 2014 pato la taifa, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka, lilipanda kwa karibu robo nzima kwa sababu wataalamu walibadili mwaka wa msingi wa hesabu na kuhesabu shughuli zilizokuwa zimeachwa nje. Tukaambiwa tumeingia daraja la kipato cha kati. Hakuna duka jipya lililofunguliwa usiku ule. Morten Jerven aliandika kitabu kizima kuhusu takwimu za Afrika, Poor Numbers, mwaka 2013. Ukikikuta mahali, pitia japo mwanzo wake.

Kuhusu elfu tatu zako: haitoshi vyote vikiwa vipya, na si lazima. Nunua Harford na Chang, kimoja kipya na kimoja cha mkono wa pili. Pale katikati ya mji, wale wauzaji wa vitabu vya kutandazwa chini, inama bookshop tunavyowaita, huwa na Harford mara nyingi, na bei ni mapatano. Wewe ni mtu wa Grogan, sina la kukufundisha hapo. Angalia tu isiwe nakala iliyochapwa vichochoroni: karatasi yake ni ya kijivu, michoro haisomeki, na sura ya mwisho huenda haimo. Pengine mwenye spea kopi hana uso wa kulalamikia vitabu kopi, lakini bei ya kitabu kilichokatika katikati ni hasara tupu. Poor Economics kitafute maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa iko Upper Hill, na kwa mtu wa Umoja tawi la maktaba ya kaunti pale Makadara liko karibu zaidi, pita uulize.

Ukisoma, weka daftari pembeni ya lile la madeni. Kila tarehe mosi andika bei ya shokabsoba moja ile ile, dola ilivyouzwa siku hiyo, na kiwango cha Benki Kuu. Mistari mitatu tu. Ukifika miezi sita utaanza kuona bei inachelewa kiasi gani nyuma ya dola kwenye duka lako, jambo ambalo hakuna kitabu hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kukuambia.

Kitabu cha mpwa wako kina kazi, ila si sasa. Kimeandikwa kwa mtu mwenye mhadhiri wa kumfafanulia na mtihani wa kumtisha, na mifano yake mingi pengine ni ya Marekani. Ukishamaliza Harford na Chang, muombe akusomee sura mbili tu: ya mahitaji na ugavi, na ya jinsi pato la taifa linavyokokotolewa. Vinginevyo kuna kitabu cha darasani cha mradi uitwao CORE, kinaitwa The Economy, ambacho kiko bure kwenye intaneti na ni cha kisasa zaidi. Huyo kijana mwalike dukani Jumamosi moja, mpe lile daftari lako la mistari mitatu, na umuulize achore mchoro wake kwa bei zako. Akikwama, niandikieni nyote wawili.